Pia ya Goti

Miaka kumi na saba nimetembea kwa magoti
na sijawahi kuwa mtu wa ibada.
Vyoo vya Milimani, jikoni kwa watu Kiamunyi,
ghorofa tatu za daktari wa meno kule Shabab:
vigae vyote hivyo vilipita chini ya goti hili
kabla ya kukanyagwa na wenyewe.

Sasa goti linadai.
Si kupanda; kupanda napanda.
Ni kushuka. Ngazi za ploti yetu Kaptembwa
nazishuka upande upande kama aliyebeba kabati,
kiganja ukutani, na mama wa duka la chini
hulisikia goti kabla hajaniona: kwaru, kwaru,
mtu anatafuna karanga zenye mchanga.

Bi Jerotich wa kliniki hakuligusa kwanza.
Simama kwa mguu mmoja, akasema, chuchumaa kidogo.
Akalitazama likikimbilia ndani
kama mbuzi aliyeona shamba la jirani.
"Hii inaitwa pia. Ina mfereji wake kwenye mfupa.
Paja limelala, nyonga imelala zaidi,
sasa pia inacheza ukingoni."

Nikacheka peke yangu. Pia!
Kule Shinyalu tuliichonga kwa mti wa mpera,
tukaichapa kwa kamba ya mkonge izunguke,
na ilipoanza kuyumba
hakuna aliyeilaumu pia. Tuliulaumu mkono.

Na kigae je? Kikipasuka katikati ya sebule
mwenye nyumba hukilaani kigae.
Mimi nakigonga kwa mpini wa mwiko, nasikiliza.
Kikijibu kwa sauti tupu, najua:
chini hakukujaa. Fundi alipaka gundi kwa haraka.
Fundi, mara nyingine, ni mimi.

Basi kila alfajiri, baridi ya Menengai ingali mlangoni,
nalala chali mkekani.
Taulo nimelikunja chini ya goti: likandamize, shikilia,
hesabu tano, paja liwe gumu kama ubao.
Kisha mguu ulionyooka unainuka
shubiri mbili, hauna haraka, na kushuka
unashuka polepole kuliko ulivyopanda.
Kisha ubavu. Tyubu ya baiskeli nimeikata,
nimeifunga juu kidogo ya magoti;
nyayo zinabaki pamoja, goti la juu linafunguka
kama kifuniko cha sanduku.
Khasandi alipoliona zoezi hili mara ya kwanza
alifunga mlango, majirani wasije wakauliza.

Imali ndiye anayehesabu. Ana miaka sita.
Sita, saba, nane, nane, nane, tisa.
Nane umeshaisema, mama.
"Zile mbili zilipinda, baba."
Huyu amerithi jicho la pima maji.

Wiki ya tatu nilitaka kuitupa tyubu jalalani.
Bi Jerotich akauliza: maumivu ni mangapi kwa kumi?
Matatu. Na asubuhi yake? Yamekwisha.
"Hayo ni ya kazi, yaache.
Yakilala nawe yakaamka nawe, hayo ni ya deni,
punguza."
Sikuwa nimewahi kuona maumivu yakigawanywa
kama mshahara.

Wiki ya sita: tofali moja uani.
Nasimama juu yake, nateremsha mguu mzima
kisigino kiguse chini tu,
kama anayeonja uji wa moto kwa ncha ya kidole,
na goti bovu linaubeba mwili wote,
linatazama mbele,
shamba la jirani halilitaki.

Sijapona. Niseme ukweli.
Nikikesha matangani kwenye kiti cha plastiki linakaza,
na sakafuni sipigi tena magoti bila kipande cha godoro.
Lakini Jumanne, ghorofa ya tatu Kiamunyi,
nilishusha ndoo ya vipande vya vigae
na nilikuwa nimeshafika getini
nilipokumbuka kwamba sikushika ukuta.

Nikaiweka ndoo chini. Nikarudi juu.
Nikashuka tena, sasa nahesabu ngazi,
na ya nane ilipopinda
nikasema nane mara ya pili.